Duka Lisilonuka

Mkuu wa kituo alikuwa ameshalifunga jalada kichwani mwake kabla hajalifungua mezani. Alilisukuma kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani aliyokwisha kula.

"Hili la watoto wa mbwa," alisema. "Sumu. Mtuhumiwa yumo ndani, kesho asubuhi anasomewa shtaka. Nenda kachukue maelezo ya mwenye duka, urudi. Na usinifanyie ule ukobe wako."

Inspekta alilichukua jalada. Kituo kizima kilimwita Kobe, na si kwa mapenzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwendo, anayeweza kusimama mbele ya mlango wa mtu akiangalia kufuli mpaka wenzake wakaketi. Mbele yake walimwita afande. Yeye jina lile alilijua, na siku moja tu, kwenye chai, alisema kwamba hajawahi kusikia kobe aliyegongana na mtu.

"Mtuhumiwa ni nani?"

"Mama wa usafi. Tena ni mama mdogo wa mwenye duka mwenyewe, tumbo moja na mama yake. Ndiye aliyemlea. Umeiona dunia?"

"Amekiri?"

"Amekiri kuwapa maji. Wakanywa, wakapatwa na degedege, wakafa. Sasa unataka akiri nini zaidi, jina la sumu?"

"Ningependa," alisema Kobe.

Mkuu wa kituo alitazama dari. Alikuwa mtu wa kupenda majalada membamba.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la juu. Mama mdogo alikaa sakafuni, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa sabuni mpaka kucha zimekaa kama za mtu mwingine. Hata askari wa zamu walimwita Mama Mdogo, kwa sababu ndivyo mpwa wake alivyomwita siku alipokuja kumshtaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndimi. Uliwapa nini?"

"Maji."

"Na nini?"

"Na maji mengine, ya kwanza yalipokwisha."

Kobe aliketi sakafuni naye. Magoti yalilia. "Nieleze tangu mwanzo, mama. Taratibu."

"Jumapili nilikwenda kupiga deki. Mwanangu alikuwa amesafiri tangu Ijumaa, akaniachia ufunguo. Mimi kazi yangu ni kioo na sakafu. Wanyama nimekatazwa kuwagusa, huwa anawahudumia mwenyewe usiku akishafunga. Sasa, kila siku mimi hufuta kile kioo kikubwa kwa nje, kwa maji na sabuni, na watoto wa mbwa huja mbio ndani wakalamba. Pale pale mkono wangu ulipo! Nikisogea kushoto, nao kushoto. Wateja wanacheka, wanasema, Mama Mdogo, unabusiwa. Jumapili nikafuta, hakuna aliyekuja. Nikagonga. Wamelala ubavu, ndimi nje, macho yamezama. Ningefanyaje? Nikavunja amri."

"Maji ulichota wapi?"

"Kwa fundi saa, jirani. Bomba la dukani halifunguki, halina mkono, mwanangu anakaa nao mwenyewe. Nikachukua beseni."

"Wakanywa?"

Uso wa yule mama ukafunguka. Kwa muda mfupi hakuwa mahabusu.

"We! Wakanywa! Hawakunywa kwa ulimi, walitumbukiza uso mzima. Matumbo yakawa ngoma. Beseni likaisha, nikaenda kujaza tena, ni wa rafu ya chini tu, ya juu mkono haufiki. Mmoja tu, yule mdogo mwenye sikio jeupe, wenzake walimsukuma nje akaambulia matone. Nikakaa nikawaangalia. Nilifurahi, sikufichi." Sauti ikashuka. "Halafu wakaanza kuyumba. Kama walevi. Wakajinyoosha, wakatoa povu. Nikampigia mwanangu simu nalia. Akaniambia nenda nyumbani, usimwambie mtu. Asubuhi nikaona polisi mlangoni."

"Nani angeweza kutia kitu kwenye maji?"

"Mkono wangu haukutoka kwenye lile beseni. Maji yangu yalikuwa safi, afande. Niliyanywa hata mimi. Andika hivyo." Akaelekeza kidole kwenye kalamu. "Sijui wamekufa na nini. Lakini walikufa wamekunywa, wameshiba. Hilo hakuna atakayeninyang'anya."

Kobe aliandika hivyo, neno kwa neno.

Sajini ndiye aliyeendesha gari. Mdomo wake haukuwa na breki, ila moyo haukuwa mbaya.

"Lakini, afande, duka lile! Safi kuliko nyumba yangu. Wakaguzi wamekwenda mara ngapi, wote wanatoka wanasifu. Mimi mwenyewe nilimnunulia binti yangu mbwa pale."

"Yuko wapi?"

"Nilimgawa. Unajua alifanya nini? Kufika tu nyumbani akanywa bakuli mbili mfululizo, akakojoa sebule nzima. Kesho yake hivyo hivyo. Mke wangu akasema tumeuziwa bomba, si mbwa." Sajini alicheka peke yake. "Kule dukani alikuwa mkavu kama karatasi. Nilivyombeba, hata harufu hana."

Kobe aligeuka akamtazama muda mrefu kidogo kuliko kichekesho kilivyostahili. "Anza na fundi saa," alisema.

Fundi saa alikuwa na kibanda chembamba ubavuni mwa duka la wanyama, na kioo cha kukuzia cha jicho moja ambacho hakukivua hata alipoona sare. Mezani kwake, askari wa jana walikuwa wamekuta pakiti ya sumu ya panya. Hilo ndilo lililomfanya mkuu wa kituo alale usingizi: jirani mwenye sumu, mama mwenye beseni, kesi imekwisha.

"Inasemekana uliapa kuwanyamazisha wale mbwa," alisema Kobe.

"Niliapa. Nimeapa pia kumnyamazisha mke wangu, na leo asubuhi amenihutubia."

"Sumu ni yako?"

"Yangu. Panya wananila mikanda ya saa, niwape nini, maziwa?"

Kobe aliigeuza pakiti aliyokuja nayo katika mfuko wa vielelezo. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa moto wa kiwandani, mstari mzima, haujachanwa wala kutobolewa. Alimwonyesha Sajini.

"Jana hamkuona hii?"

"Tuliona imeandikwa sumu," alisema Sajini, na safari hii hakucheka.

"Mama Mdogo alichota maji hapa Jumapili?"

"Hapo nyuma, bomba lile. Mara mbili. Alikuwa anakimbia, na umri ule. Maji yenyewe ndiyo ninayokunywa mimi, na niko hapa nakukera." Fundi akavua kioo chake sasa, jicho likabaki dogo na jekundu. "Lakini nikwambie jambo, afande, maana wale wa jana walikuja kuniuliza majibu waliyokuwa nayo tayari. Wakiletwa mbwa wapya, siku ya kwanza ni kelele, sisikii hata saa inavyopiga. Ya pili sauti inakwaruza. Baada ya hapo kimya. Kimya, mpaka wanunuliwe. Mimi nikafurahi. Nikasema, huyu Marashi mwenye duka ana namna yake ya kuwafunza adabu."

"Hukuwahi kujiuliza namna gani?"

"Mtu akipata usingizi hajiulizi kitanda kimetoka wapi," alisema fundi. Akarudisha kioo jichoni.

Mwenye duka aliwapokea mlangoni. Jina la Marashi alipewa na wateja, na alilistahili: alinukia kuanzia kola mpaka kiatu. Shati jeupe, mkono laini, sauti ya pole pole ya mtu aliyefiwa.

"Karibuni sana, afande. Samahani kwa hali hii. Mama yangu mdogo, jamani! Nimemtoa kwenye shida, nimempa kazi, na malipo ndiyo haya. Lakini nimemsamehe. Sheria ifuate mkondo, mimi moyoni nimesamehe."

"Ulijuaje ni sumu?"

"Si wametapatapa? Mwenyewe alinieleza kwenye simu. Na yule fundi kila mtu anajua chuki yake. Mimi nimeunganisha tu."

"Umeunganisha vizuri," alisema Kobe, akaingia.

Akasimama katikati. Sajini aliujua msimamo ule, akatafuta ukuta wa kuegemea.

Duka lilikuwa refu na jeupe. Kulia vizimba vya sungura na panya wa kufugwa, kushoto ndege, na mbele, nyuma ya kile kioo kikubwa cha barabarani, rafu za watoto wa mbwa: ya juu wazima, ya chini tupu. Chini ya kila kizimba palitandazwa maranda ya mbao ya rangi ya dhahabu, mapya, makavu. Maranda yale yangeweza kupigiwa picha. Hakuna kilichobweka. Sungura walikuwa wamekaa kama wametengenezwa kwa sabuni.

"Nusa, afande," alisema Marashi nyuma yake. "Nusa tu. Duka lolote la wanyama ukiingia unatafuta mlango. Langu unanusa nini?"

"Wewe," alisema Kobe.

"Ee?"

"Nakunusa wewe. Kingine sinusi."

Marashi akatabasamu, akidhani amesifiwa. Na kwa nini asidhani? Mji mzima ulikuwa umeingia mle, ukavuta pumzi, ukasema kumbe inawezekana! Inawezekana, ndiyo. Ukiitoa huruma, mambo mengi sana yanawezekana.

"Maranda unabadilisha mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki, wakati mwingine mbili zinapita. Hayachafuki. Ni malezi."

"Nina kiu," alisema Kobe. "Naomba maji."

"Nikuagizie soda? Duka lipo hapo..."

"Ya bomba yanatosha."

"Hayana ubaridi, afande."

"Nimezoea moto."

Marashi alisita. Sajini, ukutani, aliacha kuegemea. Mwenye duka akatia mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha funguo. Katikati ya funguo palikuwa na kishikio cha chuma cha bomba, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Alikwenda nyuma, akakipachika, akafungua, akajaza glasi, akafunga, akakichomoa tena na kukirudisha mfukoni. Alifanya yote hayo bila kufikiri, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Ndipo alipotambua kwamba ametazamwa.

"Maji ghali siku hizi," alisema.

Kobe hakuyanywa. Aliiweka glasi juu ya meza, akaenda kwenye kizimba cha sungura. Ubavuni ilining'inia chupa ya maji, ile ya kugeuzwa kichwa chini, yenye kichuma kinachoingia ndani na kigololi mdomoni ili mnyama alambe, maji yashuke. Ilikuwa imejaa. Ya pili imejaa. Alipita mstari mzima: zote zimejaa, zote hadi usawa mmoja, na kwenye usawa ule mmoja kila chupa ilikuwa na mstari mwembamba wa kijani, wa maji yaliyokaa mahali pamoja muda mrefu bila kushuka.

"Wakaguzi waliangalia hizi?"

"Zote! Waliandika maji yapo. Maji hayapo hapo?"

"Yapo," alisema Kobe. Akaingiza kidole kizimbani, akasukuma kile kigololi. Hakikusogea. Akakikwaruza kwa ukucha, akautazama ukucha. "Gundi."

Duka lilikuwa kimya hata zile saa za jirani zikasikika ukutani. Sungura aliyekuwa karibu alikokota mwili, akaanza kulamba kidole cha Kobe. Kilikuwa na jasho. Hakukiondoa.

"Sajini. Njoo uangalie kioo kile cha mbele, kwa ndani, chini. Unaona nini?"

Sajini alichutama kwenye rafu tupu. "Alama za ndimi. Nyingi. Zimefanya ukungu." Akagusa moja kwa kidole. "Wanabusu..." Akatazama kioo upande wa nje. "Afande, walikuwa wanaona maji yakitiririka upande wa pili."

"Kila asubuhi," alisema Kobe. "Mama Mdogo akifuta."

Marashi alikunja mikono. Ile sauti ya msiba ilikwisha, ikatoka ya biashara. "Sikilizeni. Wateja wanataka mbwa. Hawataki mkojo, hawataki harufu, hawataki kelele. Asiyekunywa hachafui, na asiye na nguvu habweki. Usiku nawapa maji, kifuniko cha chupa kimoja kimoja, wanaishi, wananunuliwa, wanakwenda kunywa huko kwa watu. Nani amekufa? Kwa miaka yote, nani amekufa hapa mpaka yule bibi alipoleta beseni lake?"

"Ijumaa uliposafiri, nani aliwapa kifuniko?"

"Siku chache tu. Jumatatu nilikuwa na wageni wa kupiga picha za tangazo. Nilitaka vizimba visafi."

Sajini alitoa tusi ambalo halikuandikwa popote. Akanyakua ndoo iliyokuwa pembeni, akamnyang'anya Marashi funguo bila kuomba, akafungua bomba mpaka mwisho. Kobe hakumzuia. Hasira yake yeye ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwa imefika, na alitaka kuona kila kiumbe mle ndani kikinywa mpaka kitosheke. "Anza na wale wa rafu ya juu," alisema. "Jaza kila chombo."

"Simama! Weka chini ndoo hiyo!"

Daktari wa wanyama alikuwa mlangoni, koti limekaa upande, pumzi juu. Maiti za watoto wa mbwa zilikuwa kwake tangu jana.

"Wana kiu, daktari," alisema Sajini.

"Najua wana kiu! Ukiwapa hayo utawaua. Weka chini!"

Ndoo ikawekwa. Maji yakayumba ndani yake, na vichwa vyote vya rafu ya juu vikayumba nayo.

"Nimetoka maabara," alisema daktari. "Hakuna sumu. Si ya panya, si ya mimea, hakuna chochote. Figo zimesinyaa, ngozi imegandana na mwili, wameteseka kwa kiu siku kadhaa. Tumboni maji matupu, safi. Na ubongo umevimba mpaka umekosa nafasi."

"Sema kwa lugha yetu."

"Mwili ukikauka, chumvi inabaki, inazidi, inaingia hadi kichwani. Mnyama wa hivyo unamrudishia maji kidogo kidogo, kwa siku nzima, kwa siku mbili. Ukimwachia anywe mpaka ashibe, maji yote yanakimbilia kule kwenye chumvi. Ubongo unavimba. Anayumba, anatoa povu, anakufa. Yule mwenye sikio jeupe hakupona kwa bahati. Alipona kwa sababu alinyimwa."

Kobe aliitazama ndoo ambayo yeye mwenyewe ameamuru ijazwe.

Marashi akaangua kicheko. Si kicheko cha wazimu. Cha mtu aliyepata risiti yake iliyopotea.

"Kwa hiyo ni maji yake! Si nilisema? Si nilisema amewaua yeye? Angewaacha, ningerudi Jumatatu nikawapa kifuniko chao, leo wako hai. Andika hilo, afande. Mimi niliwanyima wakaishi, yeye amewapa wakafa!"

"Ulijua hakuna sumu."

"Nilijua kwamba wamefia mkononi mwake. Hilo halijabadilika." Alipanga kola. "Mnanipeleka kituoni? Vizuri. Yuko pale pale, nitamweleza mwenyewe. Ni mama yangu mdogo, ana haki ya kujua alichofanya. Nitamweleza mbele ya watu, polepole, kama daktari alivyoeleza."

Sajini alimfunga pingu kwa nguvu iliyozidi mahitaji ya kazi. Kobe hakuona, au alitazama pengine. Aliziondoa chupa za maji moja moja, akapiga alama ya kalamu kwenye kila mstari wa kijani, akazifunga katika mifuko ya vielelezo. Alimwachia daktari wanyama wote pamoja na kile kishikio cha bomba. Kisha akamvuta Sajini kando.

"Njia ya kurudi kituoni ina foleni?"

"Saa hizi? Hapana, afande, nyeupe kabisa."

"Itafute foleni," alisema Kobe. "Usifike kabla yangu."

Na yule mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha alishika teksi ya kwanza iliyopita.

Mkuu wa kituo alisoma matokeo ya maabara akiwa amesimama. Jalada lilikuwa limenenepa, na hakulipenda, lakini alitia sahihi. Mama Mdogo alitolewa kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, kabla gari la Sajini halijaingia kwa mlango wa mbele.

"Hakuna sumu, mama," Kobe alimwambia kwenye teksi. "Maabara imesema. Uko huru."

"Nilikwambia yalikuwa safi."

"Uliniambia."

"Sasa walikufa na nini?"

Kobe aliangalia barabara. "Kiu," alisema. Lilikuwa jibu la kweli, na alilikata pale kwa makusudi, kama mtu anayekata mkate ili mwenzake asione upande ulioharibika. "Mpwa wako alikuwa anawanyima maji. Yeye ndiye atakayeshtakiwa."

Mama Mdogo aliweka kiganja mdomoni. Alilia kwa ajili ya mwanawe, mtu yule yule aliyemfunga. Alilia kidogo, kwa haya, akajifuta. Halafu akaukumbuka mkono wake juu ya kioo. "Kumbe hawakuwa wananibusu," alisema. Akaivuta khanga mabegani. "Lakini nashukuru Mungu niliwawahi. Wangekufa na ile kiu. Walau walikunywa."

Kobe akamwambia dereva akunje kulia, kwa daktari wa wanyama. Kuna mmoja aliyebaki, alieleza, na anahitaji mtu wa kukaa naye. Aliona hilo ni jambo jema la kumpa mama yule badala ya maneno.

Chumba cha matibabu kilikuwa na meza ya bati, sinki, na harufu ya dawa, na chini yake, wazi kabisa, harufu ya mkojo wa mbwa. Mwenye sikio jeupe alikuwa amelala juu ya taulo, sindano mguuni, mrija umening'inia. Msaidizi wa daktari alikuwa akimdondoshea maji kwa kijiko. Alipomwona Mama Mdogo, mbwa yule alijaribu kusimama. Akashindwa, akatoa ulimi.

"Huyo! Mwanangu! Umeniona? Ona ulimi ulivyokauka, jamani!"

Haikuchukua muda hata wa kusema hapana. Miaka yote ya kupiga deki ilikuwa mikononi mwa yule mama: bakuli lilikuwa kwenye sinki, bomba likafunguka, bakuli likajaa, akageuka nalo likimwagika, akicheka, akaliinamisha kwenye mdomo wa mbwa.

Kobe alivuka chumba kizima, akamkamata kifundo cha mkono. Maji yakamwagika juu ya meza ya bati, na mbwa akajikokota kuyalamba, msaidizi akamwinua.

"Mama, hapana. Kijiko. Kijiko kimoja kimoja."

"Kijiko?" Mama Mdogo bado alikuwa anacheka. "Mtoto ana kiu hivi, unampa kijiko? Kwani akinywa akashiba atakuwaje?"

Msaidizi aliinamisha macho, akaanza kupangusa maji yaliyomwagika. Kobe alikuwa bado ameshika ule mkono. Angeweza kuuachia mkono, akatabasamu, akasema lolote. Hakuuachia, kwa sababu bakuli lilikuwa na maji bado.

Mama Mdogo alilitazama bakuli. Akamtazama mbwa. Akatazama vidole vya inspekta vilivyombana kwa nguvu, nguvu ya kumzuia mtu asiue. Kicheko kikabaki usoni kwa muda kidogo, hakijui pa kwenda.

"Mimi niliwajazia beseni," alisema. "Likaisha, nikajaza tena."

Msaidizi akamrudisha mbwa juu ya taulo.

Mama Mdogo alivifungua vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka Kobe akalichukua bakuli. Msaidizi alimnyooshea kijiko. Mama Mdogo akarudi nyuma mpaka ukutani, akaificha mikono yake miwili ndani ya khanga.

"Mpe wewe, mwanangu," alisema. "Mimi nilikatazwa kuwagusa."